Uzoefu wangu: albamu ya stempu ya kurasa 16 tunayotumia kwenye klabu yetu ya stempu Kirumba, Mwanza

Wadau habari zenu. Hii albamu tumeitumia tangu Februari mwaka jana, imeshapita masika, ndo maana sasa naweza kuiongelea.

Klabu tulianza watu sita, tunakutana kwangu Jumamosi jioni, na stempu tulikuwa tunaweka kwenye albamu ya picha za harusi, zile za mifuko ya plastiki laini. Lile lilikuwa kosa kubwa. Kuna mzee wetu mmoja alifanya kazi bandarini, alituletea stempu ya mwaka 1969 ya Kenya, Uganda na Tanzania, ina picha ya MV Victoria, meli ileile ya Bukoba ambayo kila mtu wa hapa ameipanda au amemsindikiza mtu, sasa zikaja mvua za Machi mpaka Mei na huu unyevu wa ziwa, siku nafungua nakuta imenata, naivuta taratibu rangi yote inabaki kwenye plastiki. Aisee niliumia sana, siku ile nilishindwa hata kumpigia mzee simu. Baadaye ndo nikajua plastiki laini ya PVC inatoa kemikali zinazoharibu wino. Albamu ikinuka kama ndala mpya, usiweke stempu humo.

Hii ya sasa niliagiza mtandaoni, 38,000 na nauli ya basi kutoka Dar 5,000. Haina harufu. Karatasi zake ni ngumu, kila ukurasa una mikanda tisa ya plastiki angavu imelala, stempu unaichomeka tu kwa kibanio, hakuna gundi, na kati ya kurasa kuna karatasi nyepesi kama ya mafuta ili stempu zisisuguane. Kwa klabu hapo ndo imetusaidia, kwa sababu kazi yetu kubwa ni kubadilishana, mtu anachomoa yake mbili anachukua moja ya mwenzake, hakuna kinachochanika. Watoto wamepanga wenyewe ukurasa wa samaki wa 1967 na wa vipepeo wa 1973, na wanabishana wee ipi itangulie.

Masika ya mwaka jana hakuna hata moja iliyonata. Ila na sisi tumejifunza, hatuweki stempu mbichi. Tukishaibandua kwenye bahasha kwa maji ya uvuguvugu, dakika 15 au 20, inalala kifudifudi kwenye karatasi safi mpaka ikauke kabisa, halafu inakaa chini ya vitabu vizito usiku mzima. Albamu tunaisimamisha kabatini kama kitabu, mbali na ukuta, na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vya kwenye maboksi ya viatu msivitupe, viwekeni humo kabatini.

Kasoro zipo. Mimi niliagiza karatasi nyeusi wakaleta nyeupe, na stempu zenye kingo nyeupe hazionekani vizuri, yale meno yake madogo ya pembeni huyaoni hata ukikaza macho. Kurasa 16 maana yake karatasi 8 pande mbili, mimi nilidhani ni karatasi 16 kamili kwa hiyo imejaa mapema kuliko nilivyopanga. Na mkanda wa chini kwenye kurasa tatu umelegea, ukiinua albamu haraka stempu zinadondoka, tukio hilo limetokea mara mbili mbele ya watoto na wote wakashuka chini kutafuta.

Nikitoa nyota natoa nne kati ya tano. Yule mzee alirudi mwezi wa nane na nyingine ya MV Victoria, safari hii ina muhuri wa posta juu yake, akaichomeka mwenyewe ukurasa wa kwanza mkanda wa juu. Sasa tuko watu 14, nimeagiza albamu ya pili na muuzaji nimemwandikia kwa herufi kubwa, KARATASI NYEUSI.