Kabla Hujalipia Mashine ya Kusagia Kahawa, Shika Mhimili

Mwaka jana nilinunua mashine ya stima ya kusagia kahawa hapa mjini kwa shilingi 3,200. Sanduku liliandikwa kwamba inasaga kwa meno. Kufungua nyumbani, nikakuta visu viwili kama vya blenda. Nilipoirudisha, muuzaji akanionyesha maandishi ya risiti: mali ikiuzwa hairudishwi. Ni yeye huyo aliyekataa kunifungulia sanduku kabla sijalipa. Bado inaniuma.

Visu havisagi, vinakatakata. Buni nyingine inakuwa unga, nyingine inabaki chenga. Ukimwagia maji moto, unga unatoa kila kitu upesi hadi uchungu, na chenga hata utamu hazijaanza kuutoa. Kikombe kinakuwa kichungu na kikali kwa pamoja. Kahawa ya Nyeri na Kirinyaga, ile ya miti ya aina ya SL28 na SL34, sifa yake ni uchachu wenye utamu wa matunda, na huo ndio unaopotea kwanza. Hata kahawa ya daraja la AA haikuokoi, maana AA ni ukubwa wa punje tu.

Wengi huuliza: ya stima au ya mkono? Chuma au kauri? Mimi nauliza mhimili, kile chuma cha katikati kinachozungushwa na mpini. Mashine ya meno ina jino la ndani linalozunguka ndani ya la nje, na nafasi iliyo kati yao ndiyo inayoamua ukubwa wa chenga. Mhimili ukicheza, nafasi inapanuka upande huu na kubanwa upande ule, kila mzunguko. Umelipia meno, unapata unga na chenga vilevile! Ukitaka chenga kubwa, ndipo inapoyumba zaidi. Shika mhimili kwa vidole viwili, usukume huku na huku. Ukicheza, iache dukani.

Ya kwanza kwangu ni Timemore C2, na sibabaiki. Ni ya mkono, meno ya chuma ya milimita 38, mhimili umeshikwa na beringi mbili. Gramu 15 za kikombe changu cha asubuhi zinaingia mara moja, na stima ikipotea nakunywa vilevile.

Ya pili ni Baratza Encore, kwa nyumba yenye wanywaji wengi. Ni ya stima, ina ngazi 40 za kusaga. Bei yake ndiyo inayonikera: buni inalimwa saa chache kutoka hapa, lakini chombo cha kuisaga vizuri kinatoka ng'ambo, na juu yake VAT ya asilimia 16.

Ya visu ni ya mwisho. Kama ndiyo uliyo nayo, bonyeza kidogokidogo huku ukiitikisa, kisha chekecha unga kwa kichujio cha chai. Usisagie iliki humo.

C2 yangu niliipata duka la pili. Kijana wa pale alifungua masanduku matatu mezani bila kuombwa mara mbili, nikashika mihimili yote. Miwili ilicheza.