Famasi iliyoniambia nikaoge

Nimekaa kimya muda mrefu kuhusu famasi moja ya karibu na kituo ninachoshukia daladala. Leo nasema, na hasira bado ninayo.

Nina figo ya kupandikizwa. Kila siku nameza takrolimasi na prednisoloni ili mwili usiikatae, na dawa hizohizo ndizo zinazoshusha kinga. Choa ambacho kwa mtu mwingine kingeishia duara moja, kwangu kilitambaa kutoka kinenani hadi kiunoni.

Nilimweleza dada wa kaunta kwa sauti ya chini. Akajibu duka zima likasikia: "Fangasi za huko chini? Kaka, si uoge tu na ujikaushe vizuri!" Nyuma yangu foleni, na ndani ya foleni mama jirani yangu. Naoga asubuhi na jioni! Hakuuliza natumia dawa gani. Alinisukumia tyubu ya krimu ya mchanganyiko, ile yenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi ya betamethasoni humohumo.

Nisiwanyime haki yao: muwasho ulikata usiku uleule, nikasema adabu hawana ila dawa wanayo. Kumbe steroidi inazima muwasho na wekundu huku ikishusha kinga ya ngozi palepale, na fangasi zinapata nafasi. Ukingo wa duara ukafifia, eneo likapanuka.

Niliporudi, yuleyule akanitolea vidonge vya flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza. Flukonazoli hupandisha takrolimasi kwenye damu, na takrolimasi ikizidi huumiza figo! Aliyeniokoa ni mfamasia kijana aliyekuwa stoo. "Kaka, kuna dawa nyingine unatumia?" Nilipomtajia, akavirudisha kabatini, akanisihi niende kliniki yangu. Huko wakakwangua magamba ya ngozi, wakayatazama kwa darubini, ndipo nikapata tiba ya kweli.

Kwa ajili ya kijana yule nilitaka kuwapa nyota tatu. Lakini hapana, jamani. Tangu hospitali ya Muhimbili ianze kupandikiza figo mwaka 2017, watu kama mimi tupo mitaani, tunanunua dawa kwenye maduka hayahaya. Kwa nini swali la kwanza kabisa liulizwe kwa bahati? Nyota moja, na ni yake peke yake. Asipokuwa zamu msiingie pale, hasa mliopandikizwa, wenye VVU, wenye sukari, na wote mnaomeza prednisoloni.