Kapasita za tantalamu: tathmini kwa anayetaka kununua

Kwa fundi anayetafuta kapasita (kijenzi kinachohifadhi chaji ya umeme) yenye uwezo mkubwa katika umbo dogo, zile za metali ya tantalamu bado zinastahili kufikiriwa mapema, ingawa bei yake huzidi ya zile za alumini na masharti ya kuzitumia ni makali kuliko wauzaji wengi wanavyopenda kueleza.

Udogo wake unatokana na namna zinavyotengenezwa. Poda ya tantalamu hushindiliwa kuzunguka waya wa metali hiyohiyo, kisha huchomwa ndani ya ombwe kwa joto kali hadi chembe zishikane na kuacha vinyweleo vingi, ambavyo kwa pamoja vina eneo kubwa la uso. Umeme unapopitishwa kipande hicho kikiwa ndani ya kemikali, uso huo hufunikwa na utando mwembamba mno wa oksidi, na utando huo ndio kihami, yaani sehemu isiyopitisha umeme. Uwezo wake wa dielektriki, yaani kipimo cha jinsi kihami kinavyosaidia kuhifadhi chaji, ni takriban 27, kama mara tatu ya oksidi ya alumini. (Utando wa namna hiyo ndio pia unaoikinga metali hii dhidi ya takriban asidi zote isipokuwa ya hidrofloriki, na ndiyo maana hutumika katika mitambo ya kemikali na katika vipandikizi vya mwilini.)

Katika kazi, sifa ninayoithamini zaidi ni utulivu. Kapasita za kawaida za alumini zina kimiminika ambacho hukauka kadiri miaka inavyopita, na nyingi za kauri hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake pindi volti zinapopanda, tena baadhi hugeuza mtikisiko kuwa kelele ndani ya saketi ya sauti. Tantalamu ngumu haina kimiminika cha kukauka, wala haibadiliki sana kwa volti au joto.

Kasoro yake kubwa ni jinsi inavyoharibika. Katika aina ya zamani, upande hasi ni dioksidi ya manganizi. Ufa mdogo kwenye utando unapopitisha mkondo, joto hugeuza manganizi ya mahali hapo kuwa oksidi isiyopitisha umeme vizuri, na kasoro hujiziba yenyewe. Lakini mkondo ukiwa mkubwa kupita kiasi, kama ule wa ghafla wakati chombo kinapowashwa, manganizi hiyohiyo hutoa oksijeni na tantalamu huwaka moto. Kwa hiyo kanuni ya mafundi ya kutumia nusu tu ya volti zilizoandikwa si woga: penye volti 12, weka ya 25, na usiiweke moja kwa moja kwenye ingizo la betri lisilo na kizuizi cha mkondo. Aidha, mstari uliochorwa juu yake huonyesha upande chanya, kinyume na desturi ya zile za alumini, na kuigeuza ni kuiua.

Aina mpya zenye polima (plastiki inayopitisha umeme) badala ya manganizi ni bora kwa vyanzo vya umeme vya kompyuta, kwa sababu ukinzani wake wa ndani ni mdogo, haziwaki kwa urahisi, na nyingi huhitaji akiba ya volti ya asilimia 10 hadi 20 tu. Hata hivyo huvujisha mkondo zaidi na huathiriwa na unyevu, hivyo kwa saketi inayoishi kwa betri ndogo ningebaki na ya manganizi.

Limebaki suala la asili. Sehemu kubwa ya tantalamu hutoka katika koltani, madini yenye metali hiyo, ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Rwanda, na uchimbaji wa Kivu, mashariki mwa Kongo, umehusishwa kwa miaka mingi na makundi yenye silaha. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inazitaka kampuni zilizo kwenye soko la hisa kutoa taarifa kuhusu asili ya madini hayo, na Umoja wa Ulaya ulianza kuwabana waagizaji mwaka 2021. Kapasita yenyewe haibebi alama yoyote ya mgodi, kwa hiyo anayenunua kwa wingi na adai hati zinazotaja viwanda vya kuyeyushia; muuzaji asiyeweza kuzitoa, mimi ningemwacha hata kama bei yake ni ya chini.