Amoksilini ya kuyeyusha kwa sikio la mtoto: uzoefu wangu

Ninaongelea vidonge vya amoksilini, dawa ya kuua bakteria, vya miligramu 250 vinavyoyeyushwa kwenye maji, si kapsuli, wala ile dawa ya unga ya kwenye chupa. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano ambaye sikio limeanza kuuma au kutoa usaha wiki hii, navipa nyota nne kati ya tano. Kwa sikio linalovuja tangu mwezi uliopita sivipi hata moja, na sababu nitaieleza.

Mrija unaotoka nyuma ya pua kwenda sikio la kati ni mfupi kwa mtoto mdogo, tena umelala. Mafua yakiuziba, majimaji hutuama nyuma ya ngoma ya sikio na vijidudu huzaliana humo. Usaha ukijaa huisukuma ngoma, ndiyo maana mtoto hulia zaidi akilazwa. Ngoma ikitoboka, usaha humwagika na maumivu hupungua ghafla. Hapo wazazi husema amepona, kumbe ugonjwa bado uko mle ndani.

Ninachovipendea kuliko dawa ya maji ni hesabu. Chati ya matibabu ya watoto inayotumika kwenye vituo vya afya inapima kwa uzito: kilo 4 hadi chini ya 10, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, kilo 10 hadi chini ya 14, viwili mara mbili, kilo 14 hadi 19, vitatu mara mbili. Siku tano. Mtoto wa kilo 12 basi humaliza vidonge 20. Sasa mpe huyohuyo dawa ya maji yenye miligramu 125 katika kila mililita 5: anahitaji mililita 20 kila mara, 40 kwa siku, 200 kwa siku tano. Hizo ni chupa mbili za mililita 100! Mzazi hununua moja, anapima kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, yaani robo ya kipimo, halafu lawama zinaiangukia dawa. Isitoshe, chupa ikishachanganywa na maji nje ya friji huhesabiwa siku saba tu. Vidonge havidai friji, jambo kubwa kwa joto la Arua au Gulu, kaskazini mwa Uganda.

Kuyeyusha ni rahisi. Weka vijiko viwili vya chai vya maji yaliyochemshwa na kupoa kwenye kikombe kidogo, au maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Tumbukiza vidonge. Vitavimba pembeni na kumomonyoka vyenyewe; ndani ya dakika tatu hakuna kilichobaki kizima. Tikisa, mnyweshe papo hapo. Unga mweupe hutulia chini ya kikombe, na huo ndio dawa: suuza kwa maji kidogo, mpe na hayo. Akitapika kabla ya nusu saa, rudia kipimo. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuvitia kwenye kikombe kizima cha uji. Mtoto akiacha nusu, hakuna ajuaye amekunywa kiasi gani. Usivibandue kwenye pakiti mapema pia, maana unyevu huviharibu.

Nyota ya tano imepotelea kwenye maumivu. Siku ya kwanza amoksilini haitulizi chochote, na asiyejua hilo hubadilisha dawa usiku uleule. Anayetuliza ni parasetamoli, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Choo kinaweza kulegea kidogo. Upele ukitokea, acha dawa, mrudishe kwa musawo, yaani mhudumu wa afya. Mwenye mzio wa penisilini asiionje kabisa, maana amoksilini ni ya ukoo huo.

Halafu kuna duka la dawa linalokukatia vidonge vya siku mbili "ujaribu kwanza". Kataa, nunua vyote au nenda kituo cha afya cha daraja la tatu, ambako vya serikali hutolewa bure na vimeandikwa kwamba haviuzwi. Vile vya wahudumu wa afya wa kujitolea kijijini (VHT) vimewekwa kwa ajili ya nimonia; kwa sikio, atakuelekeza kituoni.

Sikio linalotoa usaha kwa siku 14 au zaidi ni ugonjwa mwingine. Hapo linatakiwa kukaushwa na kutiwa matone ya siprofloksasini mara tatu kwa siku, wiki mbili. Chukua kipande cha kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, kisokote kiwe utambi wenye ncha laini, vuta sikio taratibu nyuma, ingiza ncha, subiri ilowe, itoe, weka utambi mwingine mkavu. Endelea mpaka utambi utoke mkavu, ndipo udondoshe matone. Ukidondosha juu ya usaha, dawa inaelea tu. Vijiti vya pamba havifai, na pamba isiachwe ndani kama kizibo. Mafuta ya kupikia, maziwa ya mama na maji ya majani yasiingie humo. Matone yenye gentamaisini nayaogopa pale ngoma ilipotoboka, maana yanaweza kuua usikivu. Na mtoto ambaye sikio lake halikauki apimwe VVU, nawe umsikilize musawo anasemaje kuhusu usikivu wake pia.

Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, hasa sikio likiwa limesukumwa mbele, usisubiri kidonge cha jioni: ni hospitali, leo. Vivyo hivyo mtoto wa chini ya miezi miwili.

Chanjo ya nimokoki (bakteria wa nimonia), inayotolewa Uganda tangu 2013 katika wiki ya 6, 10 na 14, hupunguza maambukizi haya ya sikio ila haiyamalizi. Moshi wa jikoni na kumnywesha mtoto chupa akiwa amelala huyaongeza.

Siku ya tano mrudishe kituoni hata kama anacheza. Ikiwa bado anaumwa au usaha unatoka, chati inaongeza siku tano nyingine za vidonge vilevile, na sikio linalotoa usaha likaushwe kwa utambi mara tatu kwa siku, kama nilivyoeleza.