Ng'ombe wa Msalato au hatifungani ya BoT?

Huku Dodoma ukimwambia mtu mzima aikopeshe serikali kwa kununua hatifungani, yaani mkopo wa muda mrefu unaolipwa riba, kupitia Benki Kuu (BoT), anakuangalia tu, ila ng'ombe wa mnada wa Msalato ananunua fasta, na mi namuelewa kabisa kwa sababu ng'ombe unamuona, mtoto akirudishwa ada unamuuza, hela unayo mkononi siku hiyohiyo. Shida ni ukame. Mvua zetu msimu mmoja, zikigoma malisho yanaisha, kila mtu anapeleka mnadani kwa mpigo na bei inaporomoka, hapo ndo roho inauma jamani.

Hatifungani unaanzia milioni 1, riba inaingia kila miezi 6, haiugui wala haiibiwi usiku. Ila zipo za mpaka miaka 25, ukitaka kutoka mapema lazima upate mnunuzi na bei inaweza kuwa chini.

Watu bado wanakumbuka Januari 2018 BoT ilipofunga benki 5 kwa mkupuo, wanasema basi hela ya benki haiaminiki. Mi naona kinyume, kufunga benki yenye mtaji mbovu ndo kazi yake, na siku hizi bima ya amana, yaani fidia ya mteja benki yake ikifungwa, inafika milioni 7.5, zamani ilikuwa 1.5. Kinachoniuma ni kwamba elimu hii haifiki vizuri Bahi na Chamwino vijijini.

Mi mwenyewe nina ng'ombe wawili wa dharura, hela ya chuo ya mtoto ambaye sasa yuko la pili nimeiweka hatifungani.