Stanford au Johns Hopkins: utafiti wa afya uwe kifaa
Biodesign, programu ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, inayofundisha kubuni vifaa vya tiba, ilianza 2001 na haikupi shahada. Ni mafunzo ya miezi kama kumi, nawe unalipwa posho. Kwanza unashinda hospitalini ukiwatazama madaktari na wagonjwa. Kifaa unakiwazia baadaye, tatizo likishaeleweka, na hilo nalipenda mno. Huko ndiko lilikozaliwa wazo la Zio, kiraka cha kubandika kifuani kinachorekodi mapigo ya moyo hadi siku 14.

Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kule Baltimore, Marekani, masomo ya ubunifu kama huo ni ya mwaka mmoja na unatoka na shahada ya uzamili, ila karo ni nzito. Wanafunzi hushirikiana na Jhpiego, shirika la afya linalofahamika Tanzania na Kenya. Anayewaza zahanati zetu za vijijini, ningemshauri aende huko.