Miezi kumi na minne na kipanya cha gramu 63

Kilichonisukuma kununua kipanya cha kompyuta cha Logitech G Pro X Superlight si michezo, bali kifundo cha mkono wangu wa kulia. Mchana ninasanifu kadi za harusi, kalenda na mabango katika chumba kidogo cha ghorofani pale Nasser Road, Kampala, na msimu wa kampeni ukifika ninakaa mbele ya kompyuta tangu saa mbili asubuhi hadi majirani wafunge milango. Usiku, nikirudi nyumbani Ntinda, ninacheza Counter-Strike 2, mchezo wa kompyuta wa kufyatua risasi, kwa saa mbili hivi kabla ya kulala. Kazi na mchezo hupitia mkono uleule, nao ulianza kudai haki yake: maumivu chini ya kidole gumba, yakipanda hadi karibu na kiwiko kila nilipoinua kipanya na kukirudisha katikati ya mkeka wake wa mezani.

Kipanya nilichokuwa nacho kilikuwa kikubwa, kizito, cha betri mbili za kawaida, na juu ya uzito wake kilikuwa kimeingiwa na ugonjwa ambao watu wa kompyuta wanaujua sana: unabofya mara moja, kinahesabu mara mbili. Ndani ya kitufe mna kijibati chembamba kinachogusa kingine unapobonyeza. Kikichoka hudundadunda badala ya kutulia, na kompyuta huuhesabu kila mdundo. Katika mchezo utafyatua risasi usiyoikusudia, jambo ambalo mtu anaweza kulivumilia. Katika usanifu, ua unaloliburuta linakuponyoka katikati ya safari na kuangukia juu ya jina la bibi harusi, na usipokuwa mwangalifu linakwenda mashineni hivyohivyo.

Hiki kipya nilikipata kwa binamu yangu anayekwenda Dubai kufuata bidhaa, kwa shilingi 430,000. Siku nilipokipokea nilikuwa nyumbani kwa shangazi, ambaye anaoka keki za kuuza na ana mizani ya kidijitali ya kupimia hamira. Nilikiweka juu yake kabla hata ya kukiwasha. Mtengenezaji anasema kina uzito usiofika gramu 63. Mizani ya shangazi ilionyesha 61. Nikaweka kile cha zamani pamoja na betri zake, ikasoma 128. Shangazi alikichukua kile kipya, akakitikisa karibu na sikio kama anayetafuta yai bovu, akaniuliza, "Mwanangu, umetoa laki nne na zaidi kwa kitu kitupu? Hicho kizito ndicho chenye mali ndani." Sikumlaumu. Vipanya vingine vya bei ndogo huwekewa kipande cha chuma tumboni kwa sababu hiyohiyo, ili mnunuzi akikishika aone kwamba amepewa kitu.

Kupunguza uzito wa kipanya ni rahisi ukikubali kukitoboa. Vile vilivyoanzisha mtindo huu, kama Finalmouse Ultralight wa mwaka 2018 na Glorious Model O wa mwaka 2019, vilikuwa na gamba lenye matundu mithili ya sega la nyuki, navyo vilifika gramu 67 vikiwa bado na waya. Rafiki yangu mmoja ana kimoja cha namna hiyo. Kiangazi cha Januari kilipokwisha tulikifungua pamoja, tukakuta vumbi jekundu limelala ndani kama unga uliochekechwa. Superlight, ambacho kilitoka mwishoni mwa mwaka 2020, kina gamba lililofungwa pande zote. Mtangulizi wake wa mwaka 2018, G Pro Wireless, alikuwa na gramu 80. Zile gramu 17 zilipatikana kwa kuondoa taa za rangi, kitufe cha chini cha kubadilishia DPI (idadi ya nukta ambazo mshale husogea kwa kila inchi ya mwendo wa kipanya) na vitufe vya ubavu wa kulia, na kwa kupunguza unene wa plastiki hapa na pale. Kimebaki na vitufe vitano tu: viwili vya mbele, gurudumu, na viwili vya kidole gumba upande wa kushoto. Anayetumia mkono wa kushoto ajue mapema kwamba ingawa umbo lina ulinganifu, vitufe hivyo viwili havitamfaa.

Sasa nieleze wepesi huo unafanya nini hasa, kwa maana neno "chepesi" peke yake halimsaidii mtu anayetaka kutoa fedha zake. Ninacheza nikiwa nimeweka 800 DPI, na kasi ya mgeuko ndani ya mchezo nimeiweka 1. Kwa mpangilio huo, kugeuka duara zima kunahitaji kukisogeza kipanya kiasi cha sentimita 52, na kugeuka ghafla kumtazama adui aliyetokea nyuma ni sentimita 26, yaani zaidi ya nusu ya mkeka wangu, kisha kusimama papo hapo juu ya kichwa cha mtu anayeonekana mdogo kuliko punje ya mchele. Kusukuma si tatizo. Tatizo ni kusimama. Kitu chenye gramu 128 kikishashika mwendo hudai nguvu mara mbili ya ile inayohitajika kukisimamisha chenye gramu 61, na nguvu hiyo hutoka kwenye vidole na kifundo. Zidisha hilo kwa mamia ya migeuko ya usiku mmoja, ongeza kukiinua na kukirudisha kila unapofika ukingoni mwa mkeka, na ndipo utaelewa mkono wangu ulikuwa ukilalamikia nini.

Hata hivyo wiki ya kwanza nilicheza vibaya kuliko kawaida. Mkono uliozoea mzigo ulikuwa ukisukuma kwa nguvu ya zamani, na shabaha ilikuwa ikimpita adui kila mara, kama mtu anayeinua ndoo akidhani imejaa kumbe ni tupu. Kazini ilikuwa vilevile: kuchora mstari wa kupinda kuzunguka picha ya mtu, nukta kwa nukta, kulinitoa jasho kwa sababu kipanya kiliteleza kabla sijaamua. Nilikaribia kumrudishia binamu. Kufikia siku ya kumi hivi vidole vilikuwa vimepata kipimo chao, na mpaka leo nikishika kipanya cha mwenzangu ofisini ninahisi kama kimegandishwa mezani. Maumivu yamepungua sana, lakini sitaki kumdanganya mtu: katika miezi hiyohiyo nilishusha kiti, nikaanza kupumzika kila baada ya saa moja, na nikaacha kulaza kifundo juu ya ukingo mkali wa meza. Siwezi kutenganisha ni kipi kilichoniponya kwa kiasi gani.

Jambo lililonipotezea siku tatu, nalo lilikuwa kosa langu mwenyewe, ni kipokezi. Kipanya hiki hakina Bluetooth. Huzungumza na kompyuta kwa mawimbi ya 2.4 GHz kupitia kipokezi kidogo cha USB. Nilikichomeka nyuma ya kompyuta ya nyumbani, katika tundu lililopakana na la diski ya nje ya USB 3, meza ikiwa katikati. Mshale ulikuwa ukienda vizuri, mara unakwama kwa kufumba na kufumbua, kisha unaruka. Nililaumu betri, nikalaumu mkeka, nikamlaumu binamu kimoyomoyo. Nilipochomoa diski ya nje ili nimpelekee mteja faili zake, kukwama kukaisha, nilipoirudisha, kukarudi. Vifaa vya USB 3 vinapohamisha data hutoa kelele ya mawimbi katika masafa yaleyale ya 2.4 GHz, na kipokezi kilichokaa karibu navyo huwa kama mtu anayejaribu kusikiliza simu katikati ya kituo cha matatu. Ndani ya boksi mna kiunganishi cha kurefushia ambacho nilikuwa nimekitupa kando nikidhani ni cha ziada. Nilikiunga na waya wa kipanya, nikakileta kipokezi juu ya meza, kiasi cha sentimita 20 kutoka kwenye mkeka, na tangu siku hiyo sijaona mkwamo hata mmoja. Kwa hali hiyo ninaweza kusema bila kusita kwamba hofu ya zamani, kuwa kipanya kisicho na waya huchelewa, kwangu imekwisha. Nimejaribu kucheza nikiwa nimechomeka waya na nikiwa nimeuchomoa, na mkono wangu hauoni tofauti.

Betri ndiyo sifa niliyoitarajia kidogo na ambayo imenifaa zaidi. Inatajwa kudumu hadi saa 70 za matumizi mfululizo. Mimi hukibeba kwenye begi kila siku kwenda kazini na kurudi, kwa hiyo kinafanya kazi saa kumi na zaidi, nami hukichaji usiku wa Jumapili pekee. Umeme ukikatika katikati ya wiki hakuna kinachobadilika, na siku moja nilipojisahau nilikichaji kwa pawabanki huku nikiendelea kukitumia kwa waya. Wengi wanaoandika kutoka nje hulaumu tundu lake la kuchajia kuwa ni la micro-USB, la kizamani. Kwa Kampala lawama hiyo inapungua makali: simu za kitochi bado zinatumia waya huohuo, na hata mwenye kibanda cha kuuza muda wa maongezi pale stendi atakuazima mmoja.

Zipo namba mbili kwenye boksi ambazo ningemshauri mtu asizitolee hata shilingi. Ya kwanza ni DPI 25,600, kiwango cha juu cha kihisi chake kinachoitwa HERO 25K. Ukikiweka hapo, mshale utavuka skrini yenye upana wa nukta 1,920 kwa mwendo wa mkono usiofika milimita mbili. Sijui binadamu anayeweza kuufanyia kazi mpangilio huo. Ubora wa kihisi hicho uko kwingine: hakipotezi mwelekeo hata ukikirusha kwa kasi, na ukikiinua kidogo tu juu ya mkeka kinaacha kusoma, jambo linalomfaa mtu anayekirudisha katikati mara kwa mara kama mimi.

Ya pili ni kasi ya kuripoti. Superlight huipa kompyuta habari mara 1,000 kwa sekunde, yaani kila milisekunde moja, na siku hizi vipo vipanya vinavyoripoti mara 8,000. Tufanye hesabu ya kwetu. Tofauti kati ya viwili hivyo haifiki milisekunde moja. Skrini yangu ya 144 Hz hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 7 hivi, na ya kawaida ya 60 Hz hungoja karibu 17. Seva, yaani kompyuta zinazoendesha mchezo mtandaoni, ambazo mimi hupangiwa mara nyingi ziko Johannesburg, na ujumbe kwenda na kurudi huko huchukua makumi ya milisekunde hata usiku ambao intaneti imetulia. Anayecheza akiwa Kampala na kulipia mara 8,000 anafananishwa na mtu anayekimbia ngazi ili aingie kwenye basi ambalo bado halijatoka Masaka. Afadhali fedha hizo aziweke kwenye skrini, au kwenye waya wa mtandao badala ya Wi-Fi.

Kuhusu ushikaji sina mengi. Kina urefu wa milimita 125, upana wa 63.5 na kimo cha 40, kwa hiyo kinajaza kiganja cha wastani bila kukilazimisha. Binti wa jirani mwenye vidole vifupi alikiona kikubwa. Plastiki yake ni laini, na mchana wa joto, feni ikiwa imesimama, jasho hukifanya kiteleze. Vibandiko vya kushikia vilivyomo kwenye boksi vinaondoa tatizo hilo, ingawa hunasa uchafu, na ukila rolex, ile chapati yetu ya kukunjia mayai, ukaenda kukishika moja kwa moja utajuta.

Miguu yake ni ya tefloni isiyotiwa rangi na huteleza kwa wepesi wa kupendeza, karibu bila sauti, ilimradi mkeka ni safi. Hapa ndipo pana kazi. Vumbi letu lina mchanga, na chembe moja ikinasa chini yake utaisikia ikikwaruza. Ninafuta mkeka kwa kitambaa chenye unyevu kila asubuhi na miguu kila Jumamosi, na bado kona ya mbele kushoto, ninakokandamiza zaidi, imeanza kung'aa kwa kulika baada ya miezi hii kumi na minne.

Superlight hiki sasa kina mdogo wake, Superlight 2 wa mwaka 2023: gramu 60, betri hadi saa 95, tundu la USB-C, na vitufe vinavyotumia mwanga kutambua mbofyo, jambo linalolenga kuuepusha ule ugonjwa wa kubofya mara mbili. Nimekishika dukani, na tofauti ya gramu tatu sikuihisi. Ningekuwa ninanunua leo, vitufe hivyo ndivyo vingenivuta, si uzito. Lakini kutoka kwake kumeshusha bei ya hiki cha kwanza, na vilivyotumika vinapatikana mjini.

Ukipelekewa kimojawapo, omba mizani kwanza, kwa sababu duka moja lilinionyesha chenye jina na boksi sahihi kwa shilingi 90,000 na kilikuwa kizito kama tofali. Bofya kila kitufe mara hamsini huku ukitazama skrini kama kinahesabu sawasawa. Kisha kigeuze, fungua kile kifuniko cha duara cha chini, na uangalie kama kipokezi kimo, maana bila hicho utarudi nyumbani na kipanya cha waya.